Foleni Inayoanzia Sifuri

Mzee Urbani, mwenyekiti wa chama chetu cha kahawa hapa Mbuji, jina lake hukaa la kwanza kwenye kila orodha. Ni heshima, anasema. Zamu za mtambo wa kukoboa zilikuwa zikipangwa na programu aliyoiandika mwalimu mmoja kabla hajastaafu, kwa Pascal, lugha ya zamani ya kompyuta. Kompyuta mpya ikaikataa. Akatafutwa mtu wa kuihamishia kwenye lugha ya siku hizi, Python.

Nilikwenda mwenyewe. "Shikamoo mzee. Nipeni mimi. Nimesoma masomo ya jioni Mbinga mjini mwaka mzima." Kazi ile niliitaka mpaka niliiota.

"Vitalia mwanangu, kompyuta na mtoto mgongoni wapi na wapi? Tumeagiza mtaalamu."

Mtaalamu ni Joakim, mpwa wake, kutoka Dar. Siku tatu alikula samaki mbasa wa ziwani. Kazi aliifanya dakika kumi, kwa kuibandika programu kwenye kigeuzi cha mtandaoni. Nilichungulia begani kwake huku nikimnyonyesha Beata wangu.

"Kaka, Pascal hii inahesabu orodha kuanzia moja. Python inaanzia sifuri. Ukiiacha moja hapo, utamruka mtu wa kwanza."

"Dada, wewe nyonyesha."

Nikanyonyesha.

Jumatatu tukafika na magunia ya kahawa mbivu, ile ambayo ikilala bila kukobolewa inachacha. Karatasi ya zamu ikabandikwa. Mama Gertruda, mkulima mwenzangu, yumo. Mimi, wa mwisho kama kawaida, nimo. Mzee Urbani hayumo.

"Jina langu liko wapi?"

Joakim akatazama skrini. "Mfumo haukosei, mjomba. Labda uanachama wako umekufa."

"Jaza fomu kama sisi, mwenyekiti," Mama Gertruda akasema, watu wakaangua kicheko. Mlangoni pa mtambo palikuwa na tangazo: ASIYE NA ZAMU ASISOGEE. Mwandiko wa Mzee Urbani mwenyewe.

Magunia yake kumi na mawili yalipigwa jua mpaka nyuki wakayajua. Ndipo akaniita pembeni.

"Vitalia, unaweza?"

"Naweza, mzee. Ila nina mtoto mgongoni."

Akainama. Nikamfungua Beata, nikamweka mgongoni kwake. Mama Gertruda akakaza fundo la kanga.

Kufuta moja na kuandika sifuri ni kazi ya kupepesa macho. Mimi nilichukua saa nzima. Nilijaribu orodha yote, mara mbili, na dirishani nikimwona mwenyekiti akizunguka uwanjani, akibembeleza.

Karatasi mpya ikatoka, jina lake juu. Akaisoma polepole, Beata akimvuta sikio.

"Kesho uje mapema," akasema. "Kazi ni yako."

"Na mtoto?"

Akatazama tangazo lake mlangoni, akatazama fundo kifuani mwake.

"Naye aje."