Kupanda kwenye Vumbi

Kwetu Oldeani tunapanda mahindi kabla mvua haijanyesha, ili matone ya kwanza yazikute mbegu zimeshalala ardhini. Mvua ikichelewa, mchwa wanazimaliza.

Siku hiyo nilikuwa nachimba mashimo, na mke wangu Selina anafuata nyuma akiweka mbegu na kuimba nyimbo za kanisani. Zilinikera.

“Mwaka jana uliimba hivyo hivyo, tukavuna mabua,” nilimwambia. “Huyo Mungu wako yuko wapi? Mnaamini kwa sababu mnaogopa, basi.”

“Nani kakwambia siogopi?”

“Haya, nipe sababu moja ya kuamini. Na usiniletee maneno ya padri.”

Nilitaka ugomvi. Tangu tumzike binti yetu Martha nilikuwa natafuta wa kugombana naye, na Mungu hajibu.

Selina alifukia shimo kwa mguu, akanyoosha mgongo. Mbali, juu ya msitu unaozunguka kreta ya volkano, wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.

“Sababu sina, Baba Martha,” alisema. “Kuna asubuhi naamka siamini chochote. Hata sala haitoki.”

Sikutegemea hilo. Nikashusha jembe.

“Sasa asubuhi hizo unafanyaje?”

“Nakuangalia wewe. Kutwa nzima unabisha kwamba huko juu hakuna kitu, halafu unabeba jembe unakuja kupanda kwenye vumbi.”

Niligeuka kulitazama lile wingu.

“Haya, chimba,” alisema. “Mbegu bado zipo.”