Doa Jeusi Kwenye Mvule

Nilisikia msumeno wa umeme ukilia kabla sijaiona karakana. Nilikuwa nimetoka Koboko, kunakosifika kwa kutoa askari wengi, mpaka Arua ili nijiunge na chama cha maseremala wanaotumia mashine. Desturi yao ni kwamba mgeni hupasua ubao mmoja mbele ya wote, akiweza, anaingia.

Mwenyekiti, Mzee Dramadri, alinipa ubao wa mvule. Katikati yake niliona doa jeusi. Kwetu tunalijua doa hilo: mti ulipigwa risasi wakati wa vita, na risasi bado imo ndani. Nikazima mashine.

"Mutoto ya askari iko ogopa mashini!" Lino, fundi wao mmoja, akapaza sauti, na wenzake wakacheka. "Kwenu munajua bunduki tu!"

"Kata, Kenyi, ama rudi Koboko," alisema Mzee Dramadri.

Nikaketi juu ya ubao ule.

"Mzee, sirudi. Wala sitavunja meno ya msumeno wenu ili Lino aache kucheka. Nipeni patasi. Nitaichimba risasi hiyo mpaka itoke, kisha nitaupasua ubao huu leo hii, mbele yenu wote."