Kilima Nilichokichora Tabora

...kushoto, baba, mto uko kushoto, umenifundisha mwenyewe, ukisimama mlangoni mwa kanisa ukatazama chini mto uko mkono wa kushoto, nataka kugeuza kichwa nihakikishe kama mama naye amesikia lakini ananirudisha kwa kitana, "Tulia, Odeta, mstari utapinda," basi natulia, nimekaa mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti yake, nusu kimeshasukwa mtindo wa twende kilioni, nusu nyingine nywele zimesimama zenyewe, na upande wa pili wa ukuta, kwenye kivuli cha paa, baba anamsomea mzee Telesfori kilima, ndivyo tunavyosema hapa kwetu, kusoma kilima, ingawa hakuna kitabu, ni maneno tu ya kila jioni tangu nipate akili, kanisa, mto, migomba ya Melkior, jiwe la mpaka, mibuni ya babu, jiwe la pili, mkuyu, halafu nyumba yetu, ile iliyoachwa mwaka wa sabini na mbili na mlango wazi, na sisi watoto tulikuwa tukirudia nyuma yake mpaka mboga ipoe, Ladislas mdogo wangu akisinzia na tonge mkononi, mimi sikosei hata neno, mimi ndiye niliyehifadhi, na sasa nasikia mirija ikinyonya kwenye chungu cha pombe ya mtama na baba anasema, "Ukishuka toka kanisani, mto unakuwa mkono wa kulia," na mzee Telesfori anaitikia, "Ehee, kulia," anaitikia tu, yeye ni wa kilima kingine, atajuaje... kulia! Mwanzoni nilidhani ni pombe, lakini ndio kwanza wamekaa, na juzi pia alisema kulia, nikajifanya sikusikia, na kama ameanza kuupoteza mto, atapoteza nini tena kabla ya wiki ijayo, wiki ijayo ndiyo lori la shirika la wakimbizi linakuja kuwachukua wanaotaka kwenda kutazama, tangu uchaguzi wa huko nchi tuliyoikimbia, mwezi wa sita, watu hapa Katumba hawalali, kila mtu anafunga na kufungua mizigo, watu wamekaa miaka ishirini na moja na leo wanashindwa kungoja wiki moja, na baba ameandikisha jina la kwanza kabisa, na treni yangu ni kesho kutwa.

Kesho kutwa, Mungu wangu, na kibali cha kutoka makazini kimeshagongwa mhuri, sanduku liko chini ya kitanda, kila mtu barabara hii yote anajua Odeta anakwenda chuo kikuu, Dar, kusoma jiografia, wasichojua ni kwamba sianzi mwaka wa kwanza, naanza mwaka ulio kabla ya mwaka wa kwanza, wenyewe wanauita mwaka wa msingi, hesabu, takwimu, kusoma ramani, kupima ardhi, kuandika Kiingereza cha kisomi, ukifaulu ndiyo unaruhusiwa kuanza, ukifeli unarudi ulikotoka, na Ladislas alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini, "Kwa hiyo dada unakwenda chekechea! Chekechea ya chuo kikuu! Watakupa na uji?" nikamrushia kandambili, nikacheka na mimi, lakini usiku ule kicheko kilikuwa kimeisha, kwa sababu ni kweli, wenzangu watakuwa madarasani wanaitwa wanachuo na mimi na miaka yangu ishirini nafundishwa kushika rula, na baba yeye hakucheka, baba alilifikiria jambo hilo siku nzima akipalilia tumbaku, jana kwenye chakula akalitoa, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Sasa Odeta, kama huo mwaka wenyewe si mwaka kamili, si unaweza kuuacha? Chuo hakikimbii. Twende wote kwanza ukanishikie mipaka, maana wewe ndiye uliyeihifadhi, kule tutakuta watu wamelima, wataniuliza mzee shamba lako linaishia wapi," hakuniamrisha, angeniamrisha ningekasirika na ningejua la kufanya, aliniomba, baba yangu ambaye hajaniomba hata maji ya kunywa bila kutaja jina langu kwa ukali, aliniomba akitazama ugali... na mimi nikasema nitafikiri, nafikiri nini, chuo hakikimbii lakini nafasi inakimbia, nisipotokea wiki ya kwanza anapewa mwingine, waliniambia wazi, wanaongoja ni wengi, na shirika halitanilipia mara ya pili, "Inamisha," mama anasema, nainamisha, shingo inauma, na nikienda je, nikienda na baba akasimama pale juu mbele ya watu wasiomjua akasema kulia, watamcheka, watamwambia mzee huyu amepotea si wa hapa, halafu mimi niko Dar najifunza kupima ardhi, ardhi ya nani sasa, yetu imeshachukuliwa kwa sababu sikuwepo kusema kushoto, neno moja tu, kushoto, binti mzima anashindwa kumpelekea baba yake neno moja.

Na hata huo mwaka wa msingi ni kilima hicho hicho kilichoniletea, nikikumbuka usaili wa Tabora nasikia joto masikioni, chumba cha darasa, madawati yamerundikwa nyuma, mhadhiri mwenye miwani na mama mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa faili, wakaniuliza mvua, wakaniuliza Bonde la Ufa, wakaniuliza kwa nini Rukwa maji yake ni ya magadi, nikajibu yote, mpaka yule mama akaacha kujipepea, halafu mhadhiri akanipa karatasi na penseli za rangi, akasema, chora ramani ya eneo unalolifahamu vizuri kuliko yote, dakika kumi... na hapo ungedhani ningechora Katumba, nimezaliwa Katumba, vijiji vimenyooshwa kwa kamba, barabara kama mistari ya daftari, mtoto wa darasa la tatu anaweza kuichora, au ningechora njia ya Mpanda mjini mpaka Makanyagio kwa shangazi Joséline, nimeitembea mpaka mashimo yake nayajua, lakini mkono wangu haukuuliza, mkono ulichora kanisa, ukachukua penseli ya bluu ukachora mto, kushoto, ukaweka migomba, jiwe, mibuni, jiwe, mkuyu, nyumba, nilichora nikiwa na furaha, mpumbavu mimi, nilikuwa nakaribia kuimba, yule mhadhiri akaigeuza karatasi huku na huku akauliza, "Kaskazini iko wapi?" nikaitazama karatasi, kwenye kilima chetu hakuna kaskazini, kuna juu na chini tu, akauliza, "Kutoka kanisani mpaka jiwe hili ni umbali gani?" nikasema ni umbali ambao mtu akiita anaitikiwa, nilisema hivyo, kwa Kiingereza, mbele ya watu wawili wenye shahada, yule mama akainamia faili kuficha meno, mhadhiri hakucheka, afadhali angecheka, akauliza, "Ulihama hapa ukiwa na umri gani?" nikasema sijawahi kufika, akavua miwani, akasema kwa Kiswahili, "Binti, mengine yote unayajua vizuri. Lakini eneo unalolifahamu kuliko yote ni mahali ambapo hujawahi kufika. Utaanza mwaka wa msingi," akaandika, na mimi nikatoka nje nikiwa na hasira naye, nimekaa na hasira hiyo miezi miwili, nani amempa ruhusa, nakijua kilima kuliko anavyoijua sebule yake, niulize gizani, niamshe usingizini uniulize... na nje huko baba amefika kwenye mibuni, anasifia mibuni, mzee Telesfori anasema, "Mungu ni mkubwa, mwaka huu tutaionja," na baba anacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia, kicheko cha kijana, mwache afurahi, lakini mto, mtu amwambie mto, na mdomo wangu unafunguka bila kuagizwa, nanong'ona, "Mama, baba amekosea mto."

Vidole vinasimama. "Mto upi?" anauliza. Mto wa chini ya kanisa, mama, upo kushoto, siku hizi anasema kulia, nadhani ameanza kusahau, na nasikia mama anavuta pumzi puani, nadhani ameumia, nadhani anajua kuwa baba anazeeka na mimi nimemtonesha, kumbe anajizuia kucheka, paja lake linatikisika kwenye shavu langu, "Odeta," ananinong'oneza, "pale hakuna mto." Hakuna... "Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji, mwanangu. Kungekuwa na mto ningeuona, si ningechota humo? Nilikuwa nashuka mpaka chemchemi bondeni, njia ya udongo mwekundu, ikinyesha unashukia makalio. Huo mto ni wa kwa wajomba zake, alikuwa akioga huko utotoni," na vidole vinaanza tena, vinagawa nywele, vinapaka mafuta, kana kwamba hajasema kitu, na mimi nimekaa pale mto ukikauka kichwani mwangu, ule wa bluu, nilioupaka kwa bidii mpaka karatasi ikang'aa, na namuuliza kwa nini hukusema, mama, miaka yote hii, kila jioni ulikuwa umekaa pale unageuza ugali, kwa nini hukusema, "Ningesema nini? Mwaka tuliofika hapa hatukuwa na hata sufuria. Mkubwa wako tulimzika njiani, wewe hujazaliwa bado. Baba yako akajiongezea mto. Mtu hana kitu duniani, amejipatia mto mmoja, mimi mkewe nimnyang'anye?" na sauti yake haina huzuni, ni ile ya kumsema mtu mliyezoeana naye, nami nauliza haraka, jiwe je, "Jiwe lipo," mkuyu je, "Mkuyu nadhani ulikuwa wa mapadri," migomba ya Melkior, "Melkior alikuwa na migomba? Melkior alikuwa mlevi," na sasa ni mimi ninayetikisika, sijui kama ni kicheko au kilio, kinatoka kupitia pua, kwa hiyo yule mwenye miwani, kwa hiyo alikuwa... hasira yangu ya miezi miwili nimeikalia bure, sikukijua kilima, nilimjua baba tu, kila neno la baba na mahali anapovuta pumzi, na hilo si jiografia, Mungu wangu, ni nini hicho sijui lakini si jiografia, na hofu inarudi, mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, baba atafika pale atafute mto na mto hautakuwepo kushoto wala kulia, itakuwaje, moyo wake utapasuka, nani atakuwa naye, na ninasema hivyo, nadhani nimesema kwa sauti maana mama anajibu, "Mimi nitakuwa naye. Nimeshaandikisha jina langu juzi, hajui bado. Kilima hicho nimekipanda na mtungi kichwani na mimba tumboni, atanionyesha nini yeye? Wewe nenda huko kwenye mwaka wako," si mwaka kamili mama, ni wa msingi, "Utakula humo?" nitakula, "Utafundishwa?" nitafundishwa, "Basi ni mwaka. Geuka upande huu," nageuka.

Kwa hiyo wataondoka wote, hilo nalo linakuja polepole, nitapanda treni wakiwa wamesimama hapa na nitakaporudi likizo labda mlango huu umefungwa kwa kamba na mtu mwingine analima tumbaku yetu, na watu wataniuliza chuoni kwenu wapi na sitakuwa na cha kuchora, hata uongo sina tena, naogopa, sitaki kujidanganya, naogopa kuliko nilivyokuwa naogopa rula na hesabu, ila nikijipapasa ndani naona ile aibu ya chekechea haipo, nimeitafuta haipo, nataka kuonyeshwa kaskazini, nataka mtu anipe kamba anioneshe pa kuishikia, nataka kuanza kabla ya mwanzo kwa sababu hapo ndipo nilipo... "Odeta!" Ni baba, anaita kupitia ukuta, sauti imechangamka, "Odeta, hebu mwambie mzee Telesfori, asikie na kwako, ukitoka kanisani mto unakuwa mkono gani?" na vidole vya mama vinasimama tena, vimeshika unywele mmoja umekazwa, ananiachia, na neno liko hapa, kushoto, limekaa ulimini tangu utotoni, nikisema kushoto atafurahi, atasema mnaona, huyu ndiye wangu, huyu ndiye wa kwenda naye, na nikisema kulia atafurahi pia, na nikisema hakuna mto... siwezi, hilo ni la mama, amelitunza miaka ishirini na moja, si langu kulimwaga, "Odeta, umelala?" sijalala, baba, nasema, "Sijui, baba." "Hujui?" anauliza, na anauliza kwa upole, hilo ndilo linaloniua, upole, na mimi nasema tena, sauti yangu nyembamba lakini imetoka yote, "Sijui. Sijawahi kufika." Mirija imeacha kunyonya, kuku anaparua mahali, mzee Telesfori anakohoa kohozi la mtu asiyetaka kuwepo, nami nangoja, macho yamejaa, sitaki kulirudisha neno, namhurumia baba lakini silirudishi, mpaka namsikia baba akimwambia mwenzake, taratibu, kama mtu anayelisikia jambo hilo mara ya kwanza kutoka kinywani mwake mwenyewe, "Kweli. Huyu amezaliwa hapa," na mama anavuta unywele, inauma, natulia.