Kisanduku cha Majina Mengine

Mimi ni raia wa nchi mbili, Samoa na New Zealand, na kila mwaka nazipelekea zote mbili hesabu za mapato yangu. Duka letu la Apia, Samoa, nimelipangisha, na pango lake ndilo linalomlisha dada yangu Salele, mwenye miaka themanini. Apia hukata kodi yao kwanza. Hapa Otara, New Zealand, ninapoishi, nalitaja pango hilo hilo pamoja na pensheni yangu, kisha nikionyesha risiti ya Apia, nilicholipa kule kinapunguzwa huku. Fomu najaza mwenyewe. Nilisoma hesabu shule ya jioni miaka minne, nikitoka kiwandani, na sijawahi kumlipa mtu anijazie.

Mwaka jana ikaja barua ya ofisi ya kodi ya huku: risiti imekataliwa. Aliyelipa ni Taliaoa, na wao wananijua kama Siaosi Petelo. Nilete uthibitisho ndani ya siku ishirini, la sivyo pango litatozwa kodi mara mbili. Ambacho kingebaki kisingemtosha Salele hata kwa dawa.

Binti yangu Lagi aliisoma, andazi la panikeke mkononi.

"Baba, risiti za zamani zilikuwa na jina gani?"

"Siaosi."

"Na hii?"

Nikaisoma tena: Taliaoa. Februari nilikuwa Apia, miezi michache baada ya ukoo kunipa cheo cha umatai, yaani ukuu wa ukoo, niitwe Taliaoa. Nilipolipa kodi, karani akaandika Siaosi Petelo kwenye risiti. Nikamrudishia karatasi, nikamwambia hakuna mtu kijijini anayeniita hivyo tena. Akaomba radhi, akaandika upya.

"Si kuna kisanduku cha majina mengine kwenye fomu ya huku?"

"Kile ni cha watu wanaokimbia polisi."

"Ni chako, Baba."

Nikampigia Salele. Kwetu, mbele ya dada hata matai hushusha sauti, nami nikaeleza polepole.

"Kwa hiyo Taliaoa kalipa, Siaosi anadaiwa," akasema. "Mwambie huyo mkubwa amsaidie mwenzake."

"Dada, usinicheke. Ni chakula chako hicho."

"Ndiyo maana nacheka mimi, siyo wewe. Vyeo vyote vimeandikwa kwenye daftari la mahakama ya ardhi na vyeo. Kesho naenda."

"Kwa miguu hiyo?"

"Ndiyo iliyokuwa ikikupeleka shule, ukilia njia nzima. Kaa karibu na simu."

Alipanga foleni asubuhi yote, akatoka na nakala yenye majina yangu mawili na muhuri. Lagi akaituma. Baada ya wiki mbili wakajibu kwamba risiti imekubaliwa. Salele akapokea pango lake bila kupungua, akaniambia amenunua koko ya kunywa ya kutosha na kiti cha kukalia foleni nikijisahau tena.

Juzi nilifungua fomu ya mwaka huu. Kabla ya kitu kingine nilikitafuta kile kisanduku, nikaandika TALIAOA.

Lagi akachungulia. "Umeliandika kubwa kuliko jina lenyewe."

"Nafasi ilikuwepo," nikamwambia, nikaendelea na pensheni.