Shavu la Mwenye Nyumba

"Tapentaini yako inaingia mpaka kwenye sufuria yangu, Brashi. Jana wanangu walikataa chakula, eti kina ladha ya mlango mpya."

"Na taa yako je, Mama Pacha? Usiku kucha dirisha linawaka kama duka."

"Taa hainuki."

Wapangaji waliokaa barazani wakacheka. Lakini nani asiyejua kwamba tapentaini ilikuwa kisingizio? Kilichomkereketa Brashi ni picha ya marehemu bibi mwenye nyumba. Tangu ujanani, kuchora sura za wafu wa mtaa ule kulikuwa kazi yake na heshima yake. Safari hii watoto wa marehemu walimpita mlangoni, wakaenda kwa huyu Mama Pacha anayechora kwa kalamu isiyo na wino juu ya kishikwambi.

"Hebu nimwone huyo bibi yako wa umeme," alisema. Alitaka kasoro moja tu, aende kuitafuna barazani.

Akaonyeshwa. Bibi alikuwa pale pale, na ile namna yake ya kubana midomo kabla ya kudai kodi. Wivu ukampanda Brashi kooni kama kiungulia. Akatafuta, akapata: kivuli cha shavu kilikuwa kikali mno. Bila kufikiri akalamba kidole gumba, akakisugua pale, kama alivyolainisha mkaa wa kuchorea maisha yake yote.

Mstari mnene mweusi ukampasua bibi uso mzima.

Brashi akauondoa mkono. Kwake, turubai ya picha iliyoharibika hivyo huchomwa moto. Mama Pacha akagusa kioo kwa vidole viwili, mstari ukatoweka, bibi akarudi bila hata kovu.

Hapo wivu ulimshuka mpaka mfupani. Sifa na wateja wangechukuliwa, angevumilia. Lakini huko kurudi nyuma, kosa likafutika! Aliikumbuka sura ya mama yake mzazi, aliyoiharibu kwa mguso mmoja wa brashi, na hakuthubutu kuianza tena.

"Ulitaka kufanya nini pale shavuni?" Mama Pacha aliuliza, akimnyooshea kalamu.

"Kulainisha," alisema. "Ila mkono wangu hauijui hii."

"Hata wangu haukuijua. Shika."

Akashika. Ilikuwa nyepesi, kama haina kitu ndani. Nyuma ya pazia pacha waligombania sahani.

"Ingia tule kwanza, jirani."

"Nanuka tapentaini."

"Tumeshaizoea. Vua viatu, chakula kinapoa."