Ubavu Aliolalia Mama

Tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne, na mdogo wangu alikuwa anakula kalamu. Kifuniko alishakimaliza, sasa alikuwa kwenye kalamu yenyewe. Nilimwambia aache, hakunisikia. Mimi mwenyewe sikuweza kutulia. Nilikuwa nazunguka ile maabara ya fizikia tuliyoazimwa kwa mazoezi, nafungua bomba na kulifunga, nahesabu viti, kisha nasahau nimefika cha ngapi.

Mdogo wangu anagombea urais. Nyumbani lilianza kama utani, na utani wetu huwa haujui pa kukomea. Mdahalo wa kwanza ulikuwa kesho yake saa moja jioni, wa pili wiki moja baadaye, halafu kura. Mshauri wake mkuu ni bwana mmoja mwembamba niliyempa jina la Asilimia, kwa sababu hawezi hata kukujulia hali bila kutaja takwimu. Yeye alituambia wazi kwamba tukianguka kesho, huo wa pili tusijisumbue nao.

Kazi yangu ilikuwa kuwa adui. Nimefundisha historia miaka thelathini, lakini tangu utotoni naitwa Kasuku, maana nikimsikia mtu mara mbili naweza kumwigiza mpaka mkewe akaitika. Basi nilipewa mikanda ya hotuba za rais aliyepo, tunayemwita Mzee wa Miwani, nikaitazama wiki mbili. Nikajua anavyokuacha upige kelele, anavua miwani, anaifuta polepole, anasema "mwanangu," halafu anakuchinja bila kisu. Meza mbili za maabara ndizo zilikuwa mimbari zetu. Taa za kuonyesha muda hatukuwa nazo, kwa hiyo dereva wa mdogo wangu alikaa mbele na vikombe vitatu vya plastiki, akiinua cha kijani ukianza, cha njano ukikaribia, na chekundu ukiisha muda.

"Aliye mbele anatafuta sare," Asilimia alisema, akitembea kama kocha. "Sare kwake ni ushindi. Sisi lazima tufunge magoli. Mheshimiwa, mshambulie. Usijibu swali, rudisha swali. Mkatize. Hata akikohoa, sema anakohoa kwa hatia."

Alicheka peke yake. Tukaanza.

Mdogo wangu alinirukia na bei za bidhaa, nikafuta miwani. Akanirukia na barabara mbovu, nikamwita mwanangu. Akanikatiza mara tano, nami nikanyamaza kila mara kwa upole uliomfanya aonekane mlevi aliyevamia harusi. Raundi ya tatu nilimtandika mpaka dereva akasahau kuinua kikombe.

"Mnaona?" nilisema, nikirudia sauti yangu. "Ukimrukia mzee, watu wanamwonea huruma mzee. Wewe uko nyuma kwa sababu watu hawakujui, na wanaokujua wamekuchoka. Waambie kitu kimoja cha kweli ambacho hawakukitarajia. Kitu kilichokuuma."

"Ukweli una asilimia ngapi?" aliuliza Asilimia.

"Na mimi nimeumwa na nini, Dada?" mdogo wangu alisema, akicheka. "Mimi nimelelewa vizuri."

Ni kweli, amelelewa vizuri, na nusu ya malezi hayo ni mikono hii. Alipokuwa darasa la kwanza nilikuwa nasimama dirishani kumnong'oneza majibu ya hesabu. Mwalimu alijua, lakini alimpenda na yeye. Kila mtu anampenda. Ana uso wa mtu ambaye ameshasamehewa kabla ya kukosa.

Nikavaa miwani tena. "Mheshimiwa," nilimuuliza kwa sauti ya mzee, "utafanya nini kuhusu wagonjwa wanaouguzwa majumbani?"

Akanyoosha shingo. "Nina mambo matatu. Kwanza, sera. Pili, vifaa. Tatu, niseme tu kwamba nayajua machungu ya wanaouguza."

"Unayajua?"

Hiyo haikuwa sauti ya mzee. Nilivua miwani, nikaitupa mezani, na maneno yakanitoka kabla sijayachagua. Nilimwambia kuhusu mama alivyovunjika nyonga, na miezi minne niliyolala sakafuni kando ya kitanda chake. Kengele ya saa iliyolia kila baada ya saa mbili ili nimgeuze asitoke vidonda. Shuka niliyoikunja chini yake ili niweze kumvuta bila kumwumiza, na bado alikuwa anaumia. Uji wa kijiko kimoja kimoja. Na kila nikimgeuza ananiomba radhi: "Nakusumbua, mwanangu."

"Wewe ulikuwa unazunguka kutafuta ubunge," nilisema. "Ukipiga simu Jumapili. Unajua alikuwa anafanya nini kabla ya simu yako? Alikuwa ananiambia nimchane nywele. Kama vile simu ina macho! Nikimchana, anaangalia mlango. Halafu ukaja siku ya mazishi, na mpiga picha."

Bomba moja sikuwa nimelifunga vizuri, lilikuwa linadondoka. Asilimia alikuwa ameinamia daftari lake akiandika, nikadhani ni zile hesabu zake. Mdogo wangu alikuja akaniwekea mkono begani, macho yamelowa.

"Pole, Dada," alisema. "Pole sana. Sikujua."

Miaka sita nilikuwa nalisubiri neno hilo. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu mazishi. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilijiona nimesikika.

Kesho yake mimi na dereva tuliwekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya studio, mbele ya runinga. Nusu saa ya kwanza ilikuwa balaa. Mdogo wangu alirusha makombora ya Asilimia, Mzee wa Miwani akafuta miwani. Nilikuwa nimesimama, nimekaa, nimesimama tena, mpaka dereva akanisogezea kiti mbali ili nisikigonge.

Halafu mwongoza mdahalo akauliza kuhusu wagonjwa.

Mdogo wangu akaiweka kalamu chini. "Mama yangu alivunjika nyonga," alisema.

Nilimshika dereva mkono. Anasema, niliwaza. Jamani, anasema! Nilingoja afike kwangu, si kwa sifa, kwa neno moja tu, dada yangu, basi.

"Miezi minne nililala sakafuni kando ya kitanda chake," alisema. "Kila baada ya saa mbili kengele ililia, nikaamka, nikamgeuza. Akawa ananiambia, nakusumbua, mwanangu."

Akaendelea. Uji aliutaja. Shuka aliitaja. "Nilikuwa namchana nywele," alisema, "naye anaangalia mlango. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi hicho kitanda nakijua."

Ukumbini watu walisimama. Mzee wa Miwani akavua miwani yake, na safari hii hakuifuta, alijifuta macho. "Pole, mwanangu," alisema. Dereva aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Mkono wake nilikuwa bado nimeushika, nikauachia.

Simu ilikuja asubuhi.

"Dada, tumepanda pointi tisa! Ulisema kweli, Dada. Ulisema kweli kabisa!"

"Ulimgeuza wewe?"

"Dada, nani anajali ni nani alimgeuza? Mama ni wetu sote."

"Mama ni wetu sote," nilisema. "Usingizi ulikuwa wangu."

"Tukishinda, wote wanaouguza watapata msaada. Si ndicho ulichotaka?"

Hapo ndipo alipo hodari. Anakuibia, halafu anakuuliza kama hukutaka kugawa. Nilikata simu nikaanza kufagia. Nilifagia nyumba mara mbili, nikafagia na nje, nikamfagia paka. Mchana mwandishi wa habari mmoja alisimama getini akitaka kujua familia inasemaje kuhusu ugonjwa wa mama. Nilimtazama kupitia tundu. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini yule ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, na nilitaka ashinde, ndiyo aibu yangu. Nilimwambia mwandishi mwenye nyumba hayupo.

Siku tatu baadaye waliniita tena kwa mazoezi ya mdahalo wa pili. Nikaenda. Maabara ile ile, vikombe vile vile. Asilimia alikuwa amenyoa, amejaa tabasamu.

"Tuko nyuma kwa pointi tano tu," alisema. "Hatubadilishi kikosi kinachoshinda. Tunarudi kwa mama, safari hii kwa undani zaidi. Mwalimu, muulize chochote, umbane kama mzee."

Mdogo wangu alisimama kwenye mimbari yake. Aliniamkia kwa heshima zote, na hakuniangalia machoni. Nilivaa miwani. Nikaivua, nikaifuta polepole, nikaivaa tena.

"Mwanangu," nilisema, "mama yako alikuwa analalia ubavu upi?"

Alitabasamu. "Dada, hilo swali..."

"Ulimgeuza kila baada ya saa mbili, miezi minne. Ukimrudisha alale vizuri, asilie, unamlaza ubavu upi?"

Tabasamu lake likafifia taratibu. Akamgeukia Asilimia. Asilimia alikuwa anapekua daftari, ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole.

"Hilo hatuna," Asilimia alisema. "Lakini mzee hawezi kuuliza hilo."

"Mzee hawezi," nilisema. "Ila kila mwanamke aliyewahi kuuguza anaweza. Nao ni asilimia ngapi?"

Dereva, bila kuambiwa na mtu, aliinua kikombe cha kijani.

Mdogo wangu alishika kingo za meza. Nilijua anapiga hesabu. Viko viwili tu, kulia na kushoto, hata kwa kubahatisha ana nusu. Lakini aliogopa kubahatisha mbele yangu, na hofu hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kweli nilichokiona usoni mwake tangu tuanze. Kikombe cha njano kikapanda.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia zamani kutoka kwenye dawati, akingoja midomo yangu itikisike dirishani.

Kushoto. Alilalia wa kushoto, uso ukielekea mlangoni. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi wangu, na sikumnong'oneza. Dereva akainua kikombe chekundu.