Dhiraa ya Mfalme Mtukuka

Katika nchi ya Mazoeani, ambako jambo likifanywa mara mbili huitwa mila na likifanywa mara tatu huitwa sheria, serikali haikupima kitu ila kwa mkono wa mfalme. Kila mwaka, siku ya kukumbuka kutawazwa kwake, mfalme aliketi faraghani, akaweka kiwiko chake cha kulia juu ya mto wa hariri, na fundi wa ikulu akakata ufito wa mpingo kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Ufito huo uliitwa Dhiraa Tukufu. Kwa huo zilipimwa barabara, nguo za askari, vitanda vya hospitali na makaburi ya mashujaa. Na ule wa mwaka uliopita ulichomwa moto kwa ubani na udi, usije ukabishana na mrithi wake.

Raia majumbani walipima watakavyo. Mama alikata kitambaa kwa mkono wake, akamshonea mwanawe, na hapakuwa na dhara. Wafanyabiashara walitumia Thabiti, fimbo ya chuma kutoka nchi jirani ya Mizania, iliyogawanywa kwa makumi, ambayo haikurefuka kwa sifa wala haikufupika kwa hofu. Serikali peke yake ndiyo iliyoona haya kushika kitu ambacho kila mchuuzi alikuwa nacho kibandani.

Mfalme Mtukuka alitawala vema mpaka uzee ulipomletea baridi yabisi. Vidole vya mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja kama kucha za mwewe, na Dhiraa Tukufu ikapungua mwaka hata mwaka. Milango ya ofisi mpya ikawa mifupi, watu wakaingia wameinama. Waziri Rairai, ambaye ulimi wake ulikuwa asali na moyo wake mzinga mtupu, akatangaza kwamba adabu imeongezeka nchini. Wagonjwa hospitalini wakalala wamekunja magoti. Rairai akasema kulala hivyo huutia mwili joto. Kila mtu aliijua sababu, na hakuna aliyeitamka.

Ndipo ukuta wa mto Ghadhabu ulipopasuka. Chini ya ukuta huo kulikuwa na mji wa Tegemeo, na babu yake mfalme alikuwa ameacha wosia kwamba kimo chake kisipungue dhiraa thelathini, kwa kuwa gharika ya zama zake ilikaribia kuufikia upeo huo. Kazi ya kuujenga upya akapewa Bi Yakini, mkuu wa wahandisi wa serikali, mwanamke mwepesi wa hasira na mzito wa kusujudu, ambaye mama yake mzazi aliishi Tegemeo. Yakini aliupima kwa Thabiti ukuta wa kale pale uliposalia mzima, akajenga mpya kwa kimo kile kile. Ulipokamilika, Rairai alifika na ufito wa mwaka ule, akaupima, akapata dhiraa thelathini na saba.

Bi Yakini akashitakiwa kwa kuudharau mkono wa mfalme. Waziri aliomba hukumu mbili: mhandisi ahamishwe nchi, na ukuta ukatwe mpaka kimo cha sheria kabla ya masika. Mawingu ya masika yalikwisha kuonekana milimani siku kesi iliposikilizwa, mbele ya Kadhi Taradadi, mtu ambaye daima aliafikiana na aliyesema mwisho. Mfalme mwenyewe alihudhuria, mikono yake imefichwa ndani ya joho.

"Bwana Kadhi," alianza Rairai, "taifa lisilo na kipimo chake ni mpangaji katika nyumba ya jirani. Leo tutaazima fimbo ya Mizania, kesho tutaazima bendera yao. Mwacha mila ni mtumwa!"

"Naam, hilo ni kweli tupu," alisema Kadhi.

"Hata mimi nakubali kwamba mwacha mila ni mtumwa," Yakini alijibu. "Lakini mila ipi? Mababu walitaka ukuta uyazuie maji. Mimi nimeishika mila hiyo. Waziri ameshika kijiti."

"Na hilo pia ni kweli," alisema Kadhi, akajifuta jasho.

"Kijiti!" Rairai alipaza sauti. "Mmesikia, waungwana? Mkono wa mfalme umekuwa kijiti! Bibi huyu amekula chuma cha Mizania hata meno yake yamepata kutu."

Watu wakacheka. Yakini akangoja wanyamaze, kisha akasema kwa sauti ya taratibu:

"Kipimo kisichokaa, si kipimo ni dhihaka,
Mkono ukichakaa, na kipimo hupunguka,
Mto wetu ukijaa, haujali mamlaka,
Tusipime kwa hadaa, watu wakagharikika."

"Hapa ni mahakamani, Bi Yakini, si arusini," alisema Rairai. "Nani atakutuza?"

"Sitaki tuzo, Waziri. Nina ombi moja. Sheria husema dhiraa ni mkono wa mfalme. Naomba mfalme wetu apimwe hapa, mikono yote miwili."

Baraza likavuma kama nyuki waliochokozwa. Rairai akaita askari. Lakini Mtukuka alikwisha kusimama. Akavua joho, akaweka viwiko vyote viwili juu ya meza ya hukumu, na kwa mara ya kwanza raia wakakiona kile ambacho wote walikuwa wakikijua.

"Pima, Kadhi," alisema.

Kadhi Taradadi akapima kwa uzi, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Uzi wa kushoto ulizidi wa kulia kwa upana wa kiganja.

"Basi mfalme ni yupi?" Yakini aliuliza kwa upole. "Wa kulia, au wa kushoto? Mto Ghadhabu utataka kujua."

Rairai akapiga magoti. "Mtukufu, mkono wa kulia haukupinda! Huo wa kushoto ndio uliorefuka kwa ukarimu!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mfalme alimtazama waziri wake kitambo, kama mtu atazamaye chakula alichokila kwa miaka asijue kuwa kilikuwa makapi.

"Ukuta usiguswe," alisema. "Yakini arudi kazini leo hii. Na serikali yangu, tangu sasa, ipime kwa chuma, maana chuma hakiniogopi."

Kadhi akatangaza kwamba hata yeye ndivyo alivyofikiri tangu mwanzo. Watu wakaanza kuinuka. Lakini mfalme alikuwa bado ameegemea meza, akiitazama mikono yake.

"Mwaka hata mwaka mmejua kwamba vidole hivi vinajikunja," alisema. "Mkakata fito, mkafukiza udi, mkaimba. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama vinauma."

Baraza zima likainamisha vichwa. Yakini akasogea, akaushika mkono ule wa kulia baina ya mikono yake miwili.

"Vinauma, baba?"

"Vinauma, mwanangu," alisema Mtukuka. "Vinauma sana."